Filimbi ya Uwanja wa Jirani

Niliwahi kuuweka mpira chini mbele ya goli langu mwenyewe, nikageuka kwenda kunywa maji, na mechi bado inaendelea.

Naanza na hilo ili msije mkalisikia kwa wengine. Mtalisikia tu, maana mji huu una watu wengi wenye kumbukumbu nzuri na shughuli chache. Ilikuwa mechi yangu ya kwanza hapa Johannesburg. Nilikuwa nimetoka Tanga na begi moja, na glavu ambazo kidole gumba kimoja kilishonwa na mke wangu kwa uzi wa gunia. Sasa, viwanja vya huku mnavijua nyinyi mliozaliwa navyo: viko vitatu kwa pamoja, vimetandazwa bega kwa bega mithili ya mikeka msikitini, hakuna ukuta wala wavu wa kuvitenga. Marefa watatu, filimbi tatu, sauti moja. Mimi kwetu nilizoea uwanja mmoja na filimbi moja. Ukisikia ya pili, ujue trafiki kamkamata mwenye pikipiki.

Basi nimedaka krosi. Safi kabisa, mpira umetulia kifuani utadhani mtoto aliyelala. Nikasikia pyuuu! Nikajua faulo, na ni yetu. Nikaulaza mpira mahali pa kupigia, nikaupa mgongo, nikaenda kwenye mlingoti ilikokuwa chupa yangu. Straika wao alikuwa mtu mwenye heshima zake. Kwanza alisimama. Akanitazama mimi, akamtazama refa. Refa naye akamtazama yeye. Halafu akausukuma mpira wavuni taratibu, kama mtu anayerudisha kiti mezani baada ya kula.

Ilikuwa filimbi ya uwanja wa jirani.

Toka siku hiyo jina nililopewa na wazazi halikutumika tena katika soka. Nimeitwa Filimbi na mashabiki wa timu zote, hata za wapinzani, na wapinzani ndio waliolitamka kwa mapenzi zaidi. Mke wangu Mwanaidi hakuwepo uwanjani, lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu. Wiki iliyofuata akanunua birika lile linalopiga filimbi maji yakichemka. Mpaka leo likilia, anaita kutoka jikoni: "Baba Zuhura, weka mpira chini!"

Vijana wa timu ya Watani, mliniomba nije kuwazungumzia kabla msimu haujaanza. Nimekataa, na sababu si kiburi. Kutoka hapa mtaani kwetu Observatory hadi uwanjani ni mteremko, na mteremko wa kwenda ndio mlima wa kurudi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kiti changu kiko hapa karibu na dirisha, hita iko miguuni, chai iko mkono wa kulia. Nimesoma hadi kidato cha nne, kuandika najua. Nyinyi someni. Atakayechoka ampe mwenziwe amalizie amweleze, ndivyo nilivyofaulu jiografia.

Na hapo ndipo mjue kwamba Mwenyezi Mungu naye ana utani wake. Mtu anayekipenda kitanda chake kuliko baadhi ya ndugu zake, akapewa kazi ya kuhamahama. Nimedakia Germiston, nimedakia Benoni, Tembisa, Krugersdorp, nikarudi Germiston kwa sababu waliokuwa wananikumbuka walikuwa wamekwisha kuondoka. Kila timu ilinisajili kwa furaha na kuniacha kwa furaha kubwa zaidi. Zilikuwa timu za madaraja ya chini, zile ambazo mshahara wake ni nauli na pakiti ya chipsi, kwa hiyo mchana nilikuwa mlinzi katika jengo moja la ghorofa pale Hillbrow. Mchana nikilinda mlango wa ghorofa, jioni mlango wa goli. Kote waliingia waliotaka kuingia.

Miaka yangu mingi nilikuwa kipa wa akiba. Msiidharau kazi hiyo. Kipa wa akiba anatakiwa awe tayari kila wakati kwa jambo ambalo kila mtu anaomba lisitokee. Mimi nililipokea vizuri mno. Mwanaidi alinishonea mto wa kukalia wenye rangi za timu, nikawa naenda nao benchi pamoja na chupa ya chai. Siku moja Benoni kipa wetu aliteguka bega, kocha akageuka akapiga kelele, "Filimbi! Ingia!" Nikaingia mbio. Mashabiki wakaanza kucheka nami nikadhani wamefurahi kuniona. Nilikuwa nimevaa kandambili. Viatu nilivivua ili miguu ipumue, vimebaki chini ya benchi. Kabla sijarudi kuvichukua, mpira ukapigwa, ukanigonga usoni, ukatoka nje, ikawa kona. Gazeti la mtaa likaandika kwamba nilionyesha ushujaa. Halikuandika kwamba nilikuwa naangalia miguu yangu.

Funzo hapo ni viatu. Msitafute lingine.

Aliyenifanya niwe kipa wa kweli, kwa kadiri nilivyowahi kuwa, ni mzee mmoja wa Germiston, Ntate Molefe, yaani Baba Molefe kwa Kisotho. Alikuwa amestaafu mgodini, anatufundisha makipa bila malipo, na wakati wa baridi anakuja mazoezini amejifunga blanketi begani. Tulielewana kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne na Kiingereza chake cha chini ya ardhi. Siku ya kwanza alinisimamisha golini, akapiga mpira mrefu wa kawaida tu. Nikasonga mbele kuudaka, ukanipita juu ya kichwa ukaenda wavuni. Akapiga wa pili. Vilevile. Wa tatu nikauangalia tu unavyopita, nikiwa nimeinua mikono kama mtu aliyevamiwa.

"Unatoka baharini wewe," akasema.

"Umejuaje, Ntate?"

"Unasubiri mpira mahali usipokuja. Kwenu hewa nzito, inaushika mpira inaurudisha. Hapa tuko juu, hewa imekonda. Mpira ukipigwa unakuja kama umechelewa kazini. Krosi ikija, hatua ya kwanza ni nyuma. Nyuma! Kuja mbele ni rahisi, hata mlevi anaangukia mbele."

Hilo liandikeni ukutani, nyinyi ambao mtapata mgeni kutoka pwani. Akifungwa mabao ya juu wiki ya kwanza, msimfukuze. Mrudisheni hatua moja nyuma.

Ntate Molefe ndiye aliyenifundisha pia habari ya viazi. Asubuhi za Juni na Julai hapa, nyasi zimekauka zimekuwa kama brashi ya viatu, na vidole vya kipa vinakuwa si vyake tena. Mpira unagonga mkono na mkono hauna habari. Yeye alikuwa anachemsha viazi nyumbani, anavifunga katika gazeti, anakuja navyo mfukoni. Unaweka kimoja kimoja ndani ya kila glavu mpaka refa aingie kati, kisha unavihifadhi, na mapumziko unavila. Sijaona kifaa cha kisasa kinachopasha vidole na bado kikaliwa na chumvi. Tahadhari moja tu: toeni vyote. Mimi nilisahau kimoja kwenye mfuko wa nyuma wa bukta, nikaruka kuokoa penalti, nikaiokoa, nikakiangukia. Nilipoinuka, wenzangu waliokuja kunikumbatia walirudi nyuma.

Na penalti msibahatishe. Msiangalie macho ya mpigaji, macho ni ya mwigizaji. Angalieni kiuno. Mguu unaweza kudanganya, kichwa kinadanganya tangu kuzaliwa, lakini kiuno kikishageuka kimesema.

Lakini somo kubwa alilonipa lilihusu ile aibu yangu ya filimbi. Siku nilipomsimulia alicheka mpaka blanketi likaanguka. Alipokwisha kucheka akaniambia: "Filimbi usiisikie. Itazame. Sikio ni la viwanja vyote vitatu, jicho ni la uwanja wako. Ukisikia filimbi, endelea kucheza mpaka umwone refa wako ameinua mkono. Hajainua? Mpira uko hai. Shika."

Tazama mkono. Maneno mawili. Nimewafundisha makipa wote niliopata kuwafundisha, na kila mmoja aliyachoka kabla hajayaelewa.

Mnajiuliza nilipataje ukocha. Kwa kukaa. Kocha wa Watani aliyekuwepo kabla yangu alipata kazi Durban akaondoka katikati ya msimu bila kuaga. Mwenyekiti wetu, Mrundi mwenye duka la vipuri mjini, alikuja uwanjani, akatutazama wote, mwisho macho yake yakatua juu yangu nikiwa nimekaa juu ya mto wangu. Wakati huo niliitwa kipa wa akiba kwa heshima tu, hata bukta yangu ilikuwa haifungi. Akasema, "Mzee, wewe umeangalia mpira ukiwa umekaa kuliko mtu yeyote hapa. Shika timu."

Watani tulikuwa, na bado mko hivyo, timu ya watu wasio na kwao pamoja. Wakongo, Watanzania, Warundi, Wakenya wawili waliokuwa hawaelewani, na Wazulu wa Hillbrow waliosema wamekuja kwa sababu sisi hatuchelewi kuanza. Maelezo yangu ya mapumziko yalitafsiriwa mara nyingi mpaka yakanirudia yakiwa ushauri tofauti, na mara nyingine bora. Nikaona niyapunguze. Tukakubaliana maneno matatu ya kupigiana kelele: "Yangu" kipa anapoutaka mpira, "Toka" mabeki wapande, "Nyumbani" warudi. Beki wetu wa kulia, kijana wa Kizulu, hajui Kiswahili kingine zaidi ya hayo matatu, na aliwahi kuniambia kwamba yamemsaidia hata kwa mama mkwe wake wa Kikongo.

Nawajua nyinyi wa sasa. Mna simu, mna video, mnamwona kipa wa Ulaya anapiga chenga ndani ya boksi lake, mnataka na nyinyi. Sikatazi. Enzi zangu kipa akigusa mpira kwa mguu mara mbili, mama yake alipelekewa taarifa. Siku hizi anatakiwa awe fundi kuliko kiungo. Binti yangu Zuhura alinionyesha mchoro wa mechi kwenye simu, mishale myekundu na ya buluu kila mahali, nikamuuliza hii ni ramani ya mabomba ya maji? Akanijibu kwa Kiingereza kwamba nipumzike. Nilijifunza lakini. Msimu wa mwisho nilikuwa natazama video za wapinzani hapa hapa kitini, na ugunduzi huo umenifurahisha kuliko yote: ukocha unaweza kufanyika mtu akiwa ameweka miguu juu ya kigoda.

Sasa niwaambie habari ya Dodo, maana ndiyo mliyokuwa mnaisubiri.

Dodo, jina lake kamili Dieudonné, alikuja Watani kutoka saluni moja ya Hillbrow. Ni msusi. Mtu wa Bukavu, mfupi kwa kipa, mpole, mikono laini. Mwenyekiti alipomwona alinivuta pembeni akaniambia, "Kocha, huyu hafikii hata mtambaa wa panya." Nikamwambia kweli, hafikii mwamba wa juu, lakini angalia vidole. Mtu anayesuka nywele nyembamba siku nzima bila kuumiza kichwa cha mteja ana mikono inayojua kupokea. Makipa wengi huupiga mpira wakidhani wanaudaka. Dodo aliupokea. Ukimfikia, unanyamaza.

Tatizo lilikuwa kwamba msimu ule mabeki wetu walikuwa wanampelekea kazi nyingi kuliko saluni. Tulifungwa hapa, tukafungwa pale, mpaka tukafika Jumapili ya mwisho tukiwa ukingoni. Hesabu yake ilikuwa rahisi: tukitoka sare tunabaki, tukifungwa tunashuka daraja. Na Mwenyekiti alishasema wazi mbele ya wachezaji: "Tukishuka, nafunga timu. Jezi nampa mtu wa mitumba. Nimechoka kununua chipsi za watu wanaofungwa."

Hakutania. Wiki ile mazoezini hakukuwa na kelele. Dodo alinifuata nikikusanya koni, akazichukua mikononi mwangu moja moja, ndipo akasema.

"Kocha, tusishuke."

"Nani anataka kushuka?"

"Hapana, sikiliza. Saluni naitwa my friend. Barabarani, my friend. Polisi akinisimamisha, naye my friend. Wiki yote miye ni my friend ya batu bote. Siku ya Yenga ndio naitwa Dieudonné, batu banapiga mikono. Timu ikikufa, nani ataniita?"

Yenga ni Jumapili kwa watu wa kwao. Nilimwambia maneno pekee niliyokuwa nayo: "Tazama mkono wa refa." Akaguna. Alikuwa ameyasikia mara nyingi mno.

Jumapili ilifika. Viwanja vyote vitatu vimejaa. Kwenye ua wa waya nikamwona jirani yangu, Mama Furaha. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, tunapakana naye hapa Observatory. Ukuta kati yetu ni mfupi na sauti yake ni ndefu. Hajawahi kuficha analolifikiri. Alipita kutoka kanisani na kitenge chake cha kanisa na nywele zilizosukwa na Dodo mwenyewe, akisema haelewi mpira ila amekuja kuangalia kama huyu kijana wa kwao anakula vizuri.

Tulifungwa mapema. Tukasawazisha kipindi cha pili, bao la kichwa la yule beki wa Kizulu, ambaye alikimbia akishangilia kwa kupiga kelele "Nyumbani! Nyumbani!" hadi mabeki wengine wakarudi nyuma kweli. Ikawa bao moja kwa moja. Tukishikilia hapo, Watani wanabaki. Dodo alikuwa anafanya mambo ambayo hata mimi, niliyejidai kumfundisha, sikuwa nimeyaona. Alipoupangua mpira wa kona kwa ncha ya vidole, Mwenyekiti alipiga ishara ya msalaba kisha akakumbuka kuniambia, "Bado ni mfupi."

Dakika za mwisho. Sijakaa, mto uko chini, nimesimama juu yake kwa woga. Wapinzani wanashambulia, winga wao anaingia na mpira, na hapo nikasikia.

Pyuuu!

Vijana wangu, mimi nimeishi na neno lile tazama mkono kuliko nilivyoishi na meno yangu. Nimelihubiri viwanja vyote vya jimbo hili la Gauteng. Nimelisema hata kwenye arusi. Lakini nilichosikia mimi ni mwisho wa mechi. Nilichosikia ni kwamba tumebaki, jezi hazitauzwa, Dodo ataitwa Dieudonné. Nikarusha kofia juu. Nikaingia uwanjani mbio, na mbio zangu mnazijua, zinachukua muda. Wa kwanza niliyemkuta njiani, pale karibu na boksi letu, nikamkumbatia kwa nguvu zote kutoka nyuma, nikamnyanyua, nikalia begani mwake.

Alikuwa refa.

"Eish, madala," akasema, yaani mzee, huku miguu yake ikielea. "Mechi bado."

Ilikuwa filimbi ya uwanja wa jirani.

Mabeki wetu wawili nao walikuwa wamesimama, mmoja kashaanza kuvua jezi. Mtu mmoja tu wa Watani hakusimama. Winga alipopenya akiwa peke yake, Dodo alikuwa ameshatoka golini, macho yake yako kwa refa, refa ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imebanwa na mimi. Hakuna mkono ulioinuka, mpira uko hai. Akajitupa miguuni mwa winga, akaupokea mpira, ukanyamaza. Niliona yote hayo nikiwa nimemshikilia refa juu, na mpaka leo naapa sijapata kuona udakaji safi kuliko ule, ingawa nilikuwa mahali pasiporuhusiwa.

Nikamshusha. Akajipangusa, akarekebisha kola, akanipa kadi nyekundu kwa upole wa mtu anayempa mgonjwa dawa. Kisha akaonyesha mahali nilipomkumbatia. Sheria haina huruma na kocha anayeingia kuharibu mchezo: mpira wa adhabu, wapige wao, ukingoni mwa boksi letu. Dodo alikuwa ameokoa bao, na mimi nikawarudishia wapinzani nafasi nyingine nzuri zaidi, nimeipeleka mwenyewe kwa miguu yangu.

Mwenyekiti alinyoosha kidole kuelekea nje. Nikatoka nikazunguka hadi nje ya ua wa waya, nikasimama kando ya Mama Furaha. Alisogea kunipisha, kisha akasogea tena, kama mtu asiyetaka tuonekane pamoja.

Kutoka pale sikuruhusiwa hata kupiga kelele. Ukuta wa wachezaji ukapangwa. Dodo akausogeza kulia, akausogeza tena kidogo, kwa kiganja tu, ungedhani anapanga kichwa cha mteja atazame kioo. Mpigaji akarudi nyuma. Nikamwangalia kiuno, nikamwangalia Dodo, na Dodo alikuwa anamwangalia kiuno. Mpira ukapigwa juu ya ukuta, mpira wa huku kwetu juu, ule uliochelewa kazini. Na Dodo, yule mfupi, yule asiyefikia mtambaa wa panya, alichukua hatua yake ya kwanza nyuma.

Nyuma! Ntate Molefe, popote ulipo.

"Yangu!" akaita, na kila mtu akampisha. Akaruka, akaupokea chini kidogo ya mwamba, akatua nao kifuani. Akabaki ameukumbatia. Filimbi ikalia upande wa pili, hakujali. Ikalia nyingine, hakujali. Alisimama hapo na mpira wake, macho kwa refa, wakati wapinzani wakimzunguka na wenzake wakimpigia kelele aupige mbele. Akaupiga mbele. Ukaenda mbali, ukaingia uwanja wa jirani.

Na refa akapuliza.

Sasa hapo kila kitu kikawa kelele. Wachezaji wakamrukia Dodo, wakamtupa juu, wakamdaka, wakamtupa tena. "Dieudonné! Dieudonné!" Wakenya wawili waliokuwa hawaelewani nikawaona wamebebana. Mwenyekiti, mtu wa suti, alikuwa anacheza ngoma ya kwao katikati ya uwanja huku amejitandaza koti kichwani, na baadaye alikuja kununua chipsi za timu zote sita, hata ambazo hatukucheza nazo.

Mimi sikuondoka pale. Nilikuwa nimeshika waya kwa mikono miwili, sipumui.

"Imeisha?" nikamuuliza Mama Furaha. "Mama, hiyo filimbi ni yetu au ya jirani? Ameinua mkono? Niangalizie mkono, mama, mimi macho yana machozi."

Mama Furaha alinitazama kuanzia kichwani ambako kofia haikuwepo hadi miguuni. Akaweka sawa kitenge chake. Kisha akaniambia:

"Muzee, iliisha. Na umushukuru Mungu sana, sababu ule mutoto alikusikilizaka tu. Kama angekuangaliaka, leo tungefungwa."